Karatasi Isiyo na Mnazi

Kwenye kona ya tatu ukipanda barabara ya mtaa wetu wa milimani, hapa Puerto Rico, kuna nyumba ya rangi ya limau yenye baraza refu. Kila baada ya miaka minne, msimu wa uchaguzi ukifika, baraza hilo huwa na bendera mbili. Kushoto hupepea ya bluu na nyeupe yenye mnazi. Kulia hupepea ya nyekundu na nyeupe yenye kofia ya ukili, kofia ya wakulima wa kwetu. Ya mnazi ni ya mzee Teyo, au Don Teyo, kama tunavyomwita kwa heshima. Ya kofia ni ya mkewe, Doña Provi, kwa heshima ileile ya kike.

Majirani hutania kwamba katika nyumba ile hata kuku wana vyama. Lakini wenyewe hawagombani. Walipooana walipatana kwamba siasa haikai mezani. Siku ya kura huenda pamoja, hupiga kura, hurudi pamoja na kula wali wa mbaazi. Kura ya mmoja huifuta ya mwenzake, na wote wawili hulala usingizi mzuri.

Don Teyo, jina lake kamili Eleuterio Cintrón, ana miaka sabini na minne. Alichuma kahawa tangu utotoni, kisha akafanya kazi ya kutengeneza barabara za manispaa hadi alipostaafu. Ni mrefu na mkaidi. Hakuwahi kuendesha gari. Gari huendeshwa na mkewe, naye hukaa pembeni na kofia yake mapajani. Sisi tulidhani ni umwinyi tu.

Doña Provi ana tabia moja ambayo mtaa mzima unaijua. Husoma kila kitu kwa sauti. Husoma mfuko wa unga, husoma barua, husoma bili ya umeme, na hapo sauti hupanda zaidi. Ukipita barabarani asubuhi utamsikia: "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula." Tulimcheka sana. Tulisema nyumba ile haina haja ya redio.

Mimi ni Migdalia Rentas, jirani yao wa chini. Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja. Hapa kwetu watoto humwita mwalimu wa kike "Misi", na jina hilo halistaafu. Hata wazee wenye mvi huniita hivyo. Siku ya uchaguzi mimi ni mmoja wa wasimamizi wa meza katika chumba cha kupigia kura, pamoja na wasimamizi wa vyama vingine. Mimi pia nina chama changu. Sitakitaja hapa, kwa hiyo usijisumbue kukitafuta.

Mwaka ule bunge letu la San Juan lilipitisha sheria ya kura ya maoni. Kisiwa chetu cha Puerto Rico kiko chini ya Marekani, lakini si jimbo la Marekani, wala si nchi huru. Ubishi kuhusu jambo hili ni wa zamani kuliko mimi, na nimezeeka. Sheria ilisema hivi: siku ya uchaguzi mkuu, kila mpiga kura atapewa karatasi moja zaidi. Tatu za kawaida ni za kuchagua viongozi. Ya nne ni ya kusema tunataka kisiwa kiwe nini. Sheria iliweka machaguo matatu na kueleza maana ya kila moja: kuwa jimbo la Marekani, kuwa nchi huru kabisa, au kuwa nchi huru yenye mkataba wa ushirikiano na Marekani.

Uvumi haukuchelewa. Dukani kwa Chago, penye meza ya domino, mmoja alisema kura ikienda vibaya pensheni za wazee zitakatwa kesho yake. Mwingine akasema kadi za serikali za msaada wa chakula zitafungwa. Wa tatu akasema kuanzia Jumatano, siku baada ya kura, hata mbwa itabidi waache lugha yetu wabweke kwa Kiingereza. Watu walicheka, lakini walirudi nyumbani na wasiwasi.

Kisha posta ilileta mfano wa karatasi ya nne, nyumba kwa nyumba, kutoka tume ya uchaguzi. Siku mbili baadaye nilitazama juu, nikaona baraza la jirani zangu lina bendera moja tu. Ya kofia ilikuwepo. Ya mnazi haikuwepo. Nilidhani upepo umeichukua.

Jioni Doña Provi alikuja kwangu kurudisha bakuli. Hakuondoka. Alilishika bakuli kama vile bado ni lake.

"Misi, Teyo hapigi kura mwaka huu," alisema.

Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, ila hali chakula vizuri na hataki kuzungumza. Anasema karatasi ya nne ni mchezo wa mawakili. Anasema kama ndiyo hivyo, hata zile tatu hataki. Ameikunja bendera yake na kuiweka kabatini.

Hilo lilinishtua. Don Teyo alipiga kura baada ya kile kimbunga kikubwa, wakati nusu ya mtaa bado ilikuwa imeezekwa maturubai. Alipiga kura mguu ukiwa kwenye plasta. Mtu huyo haachi kura kwa sababu ya mawakili. Nikamwambia nitakuja kesho.

Siku ya pili niliwakuta mezani na kahawa. Nilikuwa na mkate wa moto na ule mfano wa karatasi. Don Teyo alinikaribisha kwa heshima, akaniuliza habari ya goti langu. Nikaanza na lile nililofikiri linamsumbua.

"Pensheni yako haikatwi, Don Teyo," nilisema. "Uliichangia mwenyewe kila mwezi ulipokuwa barabarani. Sheria hii haiigusi."

"Wanasema kesho yake tu."

"Kesho yake utaamka, utakunywa kahawa, na kisiwa kitakuwa vilevile. Hii ni kura ya maoni. Sisi tunasema tunachotaka. Matokeo yanapelekwa Washington. Bunge la kule ndilo lenye uwezo wa kubadilisha hali yetu, na likitaka kubadilisha litahitaji kutunga sheria yake. Hilo si jambo la siku moja."

"Sasa kama hawabadilishi, tunapiga ya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia ukweli, kwamba wengi huuliza hivyo. Nikamwambia pia kwamba asiyesema husemewa. Aliguna. Aliuliza maswali mengine matatu, yote ya mtu mwenye akili. Nilianza kuona nimefaulu. Kisha akaigeukia karatasi iliyokuwa mezani.

"Mnazi uko wapi?"

Nilicheka. Najuta mpaka leo.

"Hakuna mnazi humu," nilisema. "Wala kofia. Hapa huchagui chama, unachagua hali ya kisiwa. Kuna maneno na visanduku tu."

Doña Provi, kwa mazoea yake, aliivuta karatasi na kuanza kusoma kwa sauti. Hakufika mstari wa pili. Don Teyo aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Wewe usinisomee hiyo."

"Mbona?"

"Wewe ni wa kofia. Na wa kofia wameambiwa waiache tupu. Nitajuaje kama unanisomea kilichoandikwa?"

Ni kweli kwamba hali ya sasa ya kisiwa, ambayo Doña Provi anaipenda, haikuwemo katika machaguo matatu. Ni kweli pia kwamba alikuwa amesema ataiacha karatasi yake bila alama. Hiyo ni haki yake. Lakini maneno yale yalimkata. Aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Nilitaka kupoza mambo. Nikamwambia Don Teyo basi asome mwenyewe, polepole, mimi nitamngoja. Alisema hana miwani. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake.

Alinitazama. Nami nikamtazama. Ndipo nilipoelewa. Nilielewa kwa nini hakuendesha gari. Nilielewa kwa nini Doña Provi husoma chupa za dawa mpaka barabarani tukasikia. Nikakumbuka pia vile vikaratasi nilivyomwachia mlangoni miaka nenda miaka rudi: Don Teyo, tafadhali nikatie tawi, Don Teyo, bomba limepasuka. Hakuja kamwe mpaka mkewe arudi nyumbani, nami nilikuwa nikinuna. Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hajui kusoma, nami sina habari. Niliona aibu kubwa. Nilishukuru kwa kahawa nikashuka kwangu.

Asubuhi iliyofuata Don Teyo alikuja peke yake na mkungu wa ndizi za kupika. Aliuweka chini. Alivua kofia.

"Misi, mimi sijui kusoma."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana saa kumi."

Alicheka kidogo, na mabega yake yakashuka. Alikaa. Akanieleza kwamba baba yake alimtoa shule akiwa na miaka saba, kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na mikono haikutosha. Msimu mmoja ukawa miwili, na shule ikaishia hapo. Alijifunza kuandika jina lake tu, kama mtu anavyochora nyumba. Mnazi ndio uliomfichia siri yake katika kura.

"Unatafuta mnazi, unapiga msalaba chini yake, basi," alisema. "Hakuna anayejua. Karatasi hii imeniumbua. Nitasimama pale kama gogo, na foleni nzima inanitazama."

Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia yake. Alisema alipewa njiani na mtu mwenye gari la vipaza sauti. Ilikuwa na machaguo matatu na alama kubwa kwenye kisanduku cha juu. Yule mtu alimwambia asihangaike, apige cha juu kabisa, hicho ndicho chake.

"Nilitaka kufanya hivyo," alisema. "Lakini moyo ulikataa."

Niliichukua nikaiweka kando ya mfano wa tume. Mpangilio haukuwa mmoja. Chaguo lililokuwa juu kwenye karatasi ya gari halikuwa juu kwenye karatasi ya tume. Sijui kama yule mtu alidanganya au alipanga tu apendavyo. Nilimwonesha Don Teyo kwa kidole, nikamsomea. Angepiga cha juu, angelichagua lile ambalo amelipinga tangu ujana wake.

Aliigeuza karatasi ya gari kifudifudi.

"Kumbe ningejikata kwa kisu changu mwenyewe," alisema.

"Ndiyo maana usikariri mahali. Kinachohesabiwa ni karatasi ya tume ya siku yenyewe ya kura, na maneno yaliyo humo."

"Maneno ndiyo siyajui."

Hapo nilimweleza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sheria za uchaguzi hazimwachi mtu kama yeye nje. Asiyeona, asiyeweza kutumia mikono, na asiyejua kusoma, wote wanaruhusiwa kuingia na mtu wa kuwasaidia. Mpiga kura ndiye anayemchagua: mke, mtoto, jirani, yeyote anayemwamini. Asiwe tu mwajiri wake, wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anasoma. Anayeamua ni mpiga kura. Na hakuna anayeruhusiwa kumcheka wala kumhoji.

"Basi nisaidie wewe, Misi."

"Mimi nitakuwa mezani kwa kazi. Na wewe una mtu nyumbani anayesoma kuliko redio."

Alitikisa kichwa. Akasema si kwa sababu ya kofia tu. Miaka kumi na miwili iliyopita, mwana wao Wilfredo aliandika kutoka Chicago. Doña Provi aliisoma barua kwa sauti, kama kawaida: salamu, baridi, wajukuu. Miezi minane baadaye mpwa wao alikuja kutembea, na katika mazungumzo akasema ni heri mkono wa Wilfredo ulipona. Mkono gani? Kumbe alikuwa amebanwa na mashine kazini, alilazwa wiki tatu. Yote yalikuwa kwenye barua. Mkewe aliyaruka.

"Alinihurumia, najua," Don Teyo alisema. "Nilikuwa nimetoka kuugua moyo. Lakini tangu siku ile, kila anaposoma najiuliza ameruka nini."

Nilimwambia tuanze kusoma, yeye na mimi, kila Jumanne na Alhamisi. Tulikuwa na wiki tano. Alikuja bila kukosa, na ndizi kila mara, mpaka nikachoka na ndizi. Mkono ulioshika sururu miaka arobaini ulivunja penseli zangu mbili. Alijifunza herufi, akajifunza maneno mafupi, akaandika Providencia, jina kamili la mkewe, bila kutazama. Lakini karatasi ya kura ina maelezo marefu, na yeye alitaka kuyajua yote, si kukisia. Wiki tano hazikutosha. Alilijua hilo, nami nililijua.

Wiki ya mwisho nilizungumza na Doña Provi. Kwanza nilimwomba Don Teyo ruhusa, naye akainua mabega, ambayo kwake ni ndiyo. Nilimkuta mkewe akianika nguo. Nilimwambia mumewe hajasahau barua ya Wilfredo.

Alikaa kwenye ngazi na kibanio mkononi.

"Niliruka mistari minne," alisema. "Daktari alisema moyo wake usishtushwe. Misi, unadhani nasoma mfuko wa unga kwa raha yangu? Hajawahi kuniomba nimsomee. Hata siku moja. Angekufa kwanza. Basi mimi sikungoja aombe. Nilijifanya mwanamke mwenye mdomo, nyumba nzima nikaisoma kwa sauti, ninyi mkanicheka."

Nilimwomba radhi, kwa niaba yangu na ya mtaa.

"Akikuomba," nilisema, "usiruke."

"Hataomba," alisema.

Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha asubuhi kisha ikaacha. Saa tatu tulifungua mlango wa chumba cha darasa, darasa langu la zamani. Foleni ilifika mpaka langoni. Watu walikuwa wamevaa rangi zao na kutaniana, kama kawaida yetu. Mchana ulipita, nami nilikuwa nikitazama mlango kuliko karatasi zangu. Saa tisa niliwaona. Doña Provi alikuwa mbele. Don Teyo alikuwa nyuma yake, amevaa shati lake la kuendea harusi za watu, na hakuwa na kitu chochote cha mnazi mwilini.

Mezani Doña Provi alimpisha, na Don Teyo akatoa kadi yake. Aliandika jina lake, safari hii bila kulichora. Mwenzangu wa meza akampa karatasi nne. Aliingia katika kituturi, kile kibanda kidogo cha kadibodi kinachomficha mpiga kura. Nilisikia kalamu. Zile tatu hazikuchukua hata dakika mbili. Kisha kalamu ikanyamaza.

Ilinyamaza mno. Mtu nyuma akakohoa. Mwenzangu alinitazama, nami nikatazama meza. Sikuwa na ruhusa ya kusogea.

Don Teyo alitoka kwenye kituturi, karatasi ya nne mkononi. Alisimama wima mbele ya foleni nzima, watu waliomjua miaka yote.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Namtaka mke wangu anisomee."

Foleni nzima iligeuka kumtazama. Kisha Chago wa dukani, ambaye ni wa mnazi mpaka kucha, alisema kutoka mlangoni, "Angalia, Don Teyo, huyo wa kofia atakugeuzia maneno."

"Nimekula chakula chake miaka hamsini na mmoja," Don Teyo alijibu bila kugeuka. "Angetaka kuniua angekwisha kuniua."

Watu walicheka, na kicheko kile hakikuwa cha dharau. Mwenzangu wa meza, kijana wa chama kingine, aliandika jina la Doña Provi kama msaidizi, kama taratibu zinavyotaka. Doña Provi alikuwa amesimama tu. Kisha akaenda, akaingia pamoja naye.

Alianza kusoma. Lakini mtu aliyesoma kwa sauti miaka hamsini na mmoja hajui kunong'ona. Chaguo la kwanza lilisikika mpaka uwanjani.

"Doña Provi," nilisema, "polepole, mama. Hatupigi wote kura ya Don Teyo."

Alishusha sauti. Tuliusikia mnong'ono tu, ukienda bila kusita. Ulikwenda chini mpaka mwisho. Halafu ukaanza tena. Baadaye alinieleza kwamba mara ya pili alisoma kuanzia chini kwenda juu, akimwekea kidole kwenye kila mstari, ili mumewe alinganishe na kuona kwamba hakuna kilichorukwa. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Nilimsikia Don Teyo akisema, "Sasa tazama ukutani." Doña Provi alitazama ukutani, mahali nilipokuwa nikibandika kazi nzuri za watoto. Kalamu ilikwaruza mara moja.

Don Teyo alitoka na karatasi zake akazipeleka kwenye mashine ya kuhesabia. Mashine ilizimeza moja baada ya nyingine. Alingoja mpaka ya nne ikaingia yote. Kisha akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia, na macho yangu yakajaa machozi hapo hapo mezani. Nilisingizia vumbi. Doña Provi akapiga kura yake. Jinsi alivyoifanya karatasi yake ya nne ni siri yake.

Wakiwa wanatoka, mwanamke mmoja wa makamo kwenye foleni alinisogelea. Alikuwa mtu wa kona ya juu, simtaji. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama yeye pia anaweza kumwita binti yake. Nilimwambia anaweza.

Jumatano asubuhi hakuna mbwa aliyebweka kwa Kiingereza. Matokeo yalitangazwa, wengine wakapiga honi, wengine wakafunga madirisha. Wiki iliyofuata pensheni za wazee ziliingia kama kawaida, na Chago aliuza samaki wa chumvi wengi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Nilipopanda kwa jirani zangu, Don Teyo aliniuliza kama Washington wamejibu. Nilimwambia bado, na huenda wakakawia.

"Basi tutapiga tena," alisema. "Mimi sina haraka. Bado nasoma."

Bendera ya mnazi ilikuwa imerudi barazani, karibu na ya kofia, ingawa uchaguzi ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyemwambia aishushe.

Doña Provi alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilimuuliza, kwa utani, kama anajua mumewe alipiga wapi.

"Nilitazama ukutani, Misi. Sijui, na sitaki kujua." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Miaka hamsini na mmoja. Ameniomba."

Nilimshika mkono, tukakaa pale kwenye ngazi wanawake wawili wazima, tunalia na kucheka kama wasichana. Alisema kifua chake kimekuwa chepesi, kana kwamba ameolewa upya.

Jikoni nyuma yetu sauti ilianza kusikika, nzito, ikisimama kila neno. Don Teyo alikuwa ameshika mfuko wa mchele akiusoma. Vikombe viwili. Vya maji. Chumvi. Kidogo. Doña Provi alitaka kuinuka, kwa sababu sufuria ilikuwa motoni na harufu ilikuwa imekwisha kubadilika. Kisha akaketi tena, akamwacha amalize.

Wali uliungua. Tuliula hivyo hivyo, na mbaazi.